UZI: Theluji nzito kwenye vijiji vya milimani. Niliyoyaona Uswisi, na yanayotuhusu sisi wa Bukavu

#1 FundiPaa_Kadutu (mwanzilishi wa uzi)

Jambo ndugu zangu wa Bukavu, Goma, Uvira na kwingineko mashariki mwa Kongo.

Kila mwaka mwezi wa kumi na mbili ukifika, jamaa zetu walioko Ulaya hututumia picha za theluji, nasi tunajibu kwa furaha: kuzuri sana! Ni kweli, kuzuri. Ila katika vijiji vya juu milimani, theluji ikishuka usiku na mchana bila kukatika, hakuna anayehangaika na picha. Watu wanatazama mlima.

Mimi ni fundi wa paa, mzaliwa wa Kadutu, hapa Bukavu. Nimefanya kazi majira kadhaa ya baridi katika kijiji kimoja cha jimbo la Valais, Uswisi, kabla ya kurudi nyumbani. Tangu nirudi, kila mvua kubwa ikinyesha Bukavu nakumbuka watu wa kile kijiji: walivyohesabu sentimita za theluji, walivyojua kila njia ambayo mlima unapitisha mzigo wake, walivyofunga barabara kabla ya mtu kufa. Nataka tulizungumze jambo hili kwa urefu, maana linatuhusu kuliko tunavyodhani.

Nitaandika kwa vipande. Ulizeni katikati, nitajibu.

#2 FundiPaa_Kadutu

Tuanze na uzito, kwa sababu hapo ndipo picha zinapodanganya.

Theluji iliyotoka kushuka kwenye baridi kali ni nyepesi. Boksi lake la mita moja kila upande mara nyingi halizidi kilo 100. Ikikaa siku kadhaa inajishindilia yenyewe, inafika kilo 200 au 300. Ikinyeshewa mvua, au jua likiilowesha, inapita 400.

Sasa chukua nyumba ya kawaida ya Bagira, mita nane kwa kumi. Iwekee juu theluji ya mita moja iliyoshindiliwa kwa kilo 200. Hizo ni tani 16 juu ya vichwa vya familia. Manjanja yetu (mabati) juu ya miti ya mikaratusi hayangelala nazo hata usiku mmoja.

Ndiyo maana kule paa ni kazi nyingine kabisa. Boriti ni nene na zimekaribiana. Nyumba za zamani za Valais zimeezekwa kwa vipande vya jiwe, na mteremko wa paa si mkali, kusudi theluji ibaki juu. Wanaitaka ibaki, kwa sababu hewa iliyonaswa ndani yake inazuia joto la nyumba lisitoke. Pembeni wanaweka vizuizi vya chuma ili isishuke yote kwa mpigo juu ya mtu anayefungua mlango.

Ikizidi, tunapanda kuipunguza. Unafungwa kamba kiunoni na hupandi peke yako. Na unatoa pande zote mbili kwa zamu, beleshi huku, beleshi kule. Ukimaliza upande mmoja kwanza, upande wa pili unaivuta fremu nzima na nyumba inapinda. Hilo alinifundisha mzee mmoja wa kule, fundi wa siku nyingi, kwa ukali ambao leo namshukuru.

#3 Mwalimu_wa_Jeo

Yaya Fundi, aksanti kwa uzi. Wanafunzi wangu huniuliza kila mwaka: mbona Bukavu tuko juu, mita kama 1,500, na vijiji hivyo vya Ulaya viko juu vilevile, ila wao wana theluji na sisi hatuna? Na bibi yangu aliapa kwamba aliwahi kuona mlima Kahuzi umekuwa mweupe asubuhi.

#4 FundiPaa_Kadutu

Mwalimu, swali zuri, na wanafunzi wako wana haki ya kushangaa. Andermatt, kijiji maarufu cha theluji Uswisi, kiko karibu mita 1,440. Uso wa ziwa Kivu uko mita 1,460. Ziwa letu liko juu kuliko kijiji chao!

Tofauti ni jua. Sisi liko karibu juu ya utosi mwaka mzima. Wao, miezi ya baridi, linapita chini pembeni na siku ni fupi, kwa hiyo ardhi haipati joto. Ukipanda juu, hewa inapoa karibu nyuzi sita kila mita 1,000. Kwetu lazima upande hadi karibu mita 4,500 au 5,000 ndipo ufike kwenye baridi ya kuganda. Kahuzi una mita 3,308, haufiki. Aliyoyaona bibi kwa uwezekano mkubwa ni mvua ya mawe, nayo inaweza kufunika kilele kikawa cheupe saa chache. Mvua ya mawe huzaliwa katika wingu refu la radi, upepo ukirusha matone juu na chini mpaka yaganda. Theluji hukua taratibu ndani ya wingu la baridi, chembe yenye pembe sita.

Lakini usiwaambie wanafunzi kwamba Kongo haina theluji. Karisimbi, mlima wa volkano mpakani na Rwanda, mita 4,507, hupata weupe mara kwa mara. Na Rwenzori, mpakani na Uganda, kuna kilele cha Margherita, mita 5,109, chenye barafu mpaka leo. Kwa upande wetu njia inaanzia Mutwanga na kupita ndani ya Hifadhi ya Virunga. Msafara wa mwana mfalme wa Italia, Duke wa Abruzzi, ulipofika kileleni mwaka 1906, barafu ilikuwa imetanda milima kadhaa ya Rwenzori. Sehemu kubwa imekwisha kuyeyuka. Mtoto anayesoma darasa la kwanza leo huenda asiikute akiwa mtu mzima, na inaniuma kwamba wengi wetu hatujui hata kwamba ni yetu.

Kule juu hakuna majira ya baridi kama ya Ulaya. Usiku kunaganda, mchana jua linapiga, mwezi wowote. Kwenye Alpes, milima ya Uswisi na majirani zake, baridi inakaa miezi, na theluji ya leo inalala juu ya theluji ya mwezi jana. Hatari inaanzia kwenye kulaliana huko.

#5 FundiPaa_Kadutu

Kipande hiki kisomeni polepole.

Theluji ya mlimani ni matabaka. Kila mvua ya theluji, kila upepo, kila usiku wa baridi unaacha tabaka lake. Baadhi yanashikana vizuri. Mengine ni chembechembe kavu, kubwa, zisizoshikana na chochote. Sasa tabaka zito jipya likilala juu ya chembechembe hizo kwenye mteremko, ni kama rundo la manjanja uliloliweka juu ya mahindi yaliyomwagika: limetulia mpaka kitu kidogo kikiligusa, halafu linaondoka lote kwa pamoja. Hilo ndilo poromoko la theluji.

Mteremko unaoogopwa zaidi ni wa nyuzi 30 hadi 45. Ukiwa mkali kuliko hapo, theluji inajimwaga kidogokidogo kabla haijarundikana. Ukiwa chini ya 30, kwa kawaida inakaa. Upepo nao unachangia sana, kwani unaichota upande mmoja wa mlima na kuirundika upande wa pili, kwa hiyo mahali ambapo mvua ilishusha nusu mita unaweza kukuta mita mbili.

Aliyefunikwa ana dakika chache. Akitolewa ndani ya dakika 10 za mwanzo, ana nafasi kubwa ya kuishi. Baadaye nafasi inaanguka haraka sana, kwa kukosa hewa. Ndiyo sababu wanaotembea mlimani wakati wa theluji hubeba kifaa kidogo cha mawimbi ya redio kifuani kinachoonyesha walipo, fimbo ndefu ya kudunga theluji kumtafuta aliyefunikwa, na beleshi. Msaada wa kwanza ni mwenzako aliye pale pale. Helikopta na mbwa wa kunusa wanakuja, ila dakika zinakuwa zimekwenda.

#6 MamaNyawera

Fundi, mimi mwili umesisimka. Je, maporomoko hayo yanashuka mpaka kwenye nyumba za watu, ama ni kwa wale tu wanaopanda milima kucheza?

#7 FundiPaa_Kadutu

Mama, yanashuka mpaka jikoni.

Februari 1999 haijasahaulika kule. Kuanzia mwisho wa Januari theluji ilishuka kwa awamu tatu, upande wa kaskazini wa Alpes, na sehemu nyingine zikapata zaidi ya mita tano ndani ya siku 30 hivi. Barabara za mabonde zilifungwa. Wageni na wenyeji wakabaki ndani ya vijiji wakisubiri.

Tarehe 9 Februari, Montroc, karibu na Chamonix, Ufaransa: watu 12 walikufa ndani ya nyumba. Tarehe 21, Évolène, Valais: 12. Tarehe 23, alasiri, Galtür, Austria: theluji ilitoka mlimani kama wingu, ikaingia katikati ya kijiji, watu 31. Kesho yake kijiji jirani cha Valzur kikapoteza 7. Nyumba zilizopigwa Galtür, nyingi zilikuwa mahali palipoaminika kuwa salama. Hali ya hewa ilikuwa mbaya kiasi kwamba msaada haukuweza kufika siku ile. Waliochimba usiku ule ni wanakijiji na wageni wenyewe, kwa mikono na mabeleshi.

Nilifanya kazi na watu walioishi majira yale. Hawaongei sana juu yake. Lakini angalieni kilichofuata. Galtür walijenga ukuta mkubwa wa kuzuia theluji, na ndani yake wakaweka nyumba ya makumbusho, ili ukumbusho na kinga viwe kitu kimoja. Ramani za hatari zikachorwa upya. Na baada ya Évolène, mahakama iliwatia hatiani viongozi wawili wa mahali pale waliokuwa na wajibu wa usalama, kwa sababu watu hawakuondolewa na barabara haikufungwa kwa wakati. Rudieni kusoma sentensi hiyo. Mlima uliua, na bado sheria ikauliza: nani alijua, na alifanya nini?

#8 Panzi_Kijana

Yaya, kwa heshima zote. Wale wana pesa. Wanaweza kujenga ukuta, kununua helikopta, kuchora ramani. Sisi hata barabara ya mtaa wetu wa Panzi inakatika mvua ikinyesha. Kulinganisha ni kutuumiza bure.

#9 FundiPaa_Kadutu

Ndugu, pesa zina maana, sikatai. Vile vizuizi vya chuma walivyopanga kwenye vilele ni ghali mno, na vingi vilijengwa baada ya majira ya 1950–51, ambapo maporomoko ya theluji yaliua watu 98 Uswisi peke yake. Serikali yenye mfuko mzito ndiyo iliyolipa.

Lakini turudi Andermatt. Juu ya kijiji kuna kipande cha msitu kwenye mteremko, na pembeni yake mlima uko wazi. Mwaka 1397 watu wa bonde lile, wafugaji maskini, waliandika mkataba: hakuna kukata mti katika msitu huo, hakuna kutoa kuni, daima. Walikuwa na baridi kuliko sisi na walihitaji kuni kuliko sisi. Miti iliyosimama inaishikilia theluji mahali ilipoangukia, matabaka hayatengenezi bamba moja kubwa, na poromoko halianzi. Msitu ule uko mpaka leo. Mwaka 1397 hakukuwa na helikopta.

Na ramani yenyewe ni rangi tu. Nyekundu: hapa hujengi. Bluu: unajenga kwa masharti, ukuta wa upande wa mlima uwe mnene na usiwe na madirisha makubwa. Njano: hatari ni ndogo, ila ujue. Kilichojaza ramani hizo mwanzoni ni kumbukumbu za wazee na vitabu vya parokia: mwaka fulani ilishuka hapa, ikasimama pale. Wazee sisi tunao.

#10 Mtu_wa_Kalehe

Nimesoma kimya tangu mwanzo, sasa nalazimika kuandika.

Mimi ni wa Kalehe, kando ya ziwa Kivu. Tarehe 4 Mei 2023 mvua ilinyesha, mito ikaacha njia zake, udongo na mawe makubwa vikashuka juu ya Bushushu na Nyamukubi. Miili zaidi ya 400 ilizikwa, na wengine wengi sana hawakuonekana mpaka leo. Ukisema theluji ilitoka mlimani ikaingia katikati ya kijiji, mimi naona udongo. Ukisema walichimba usiku kwa mikono, mimi nilichimba.

Milima ile ya juu ilikuwa na miti nilipokuwa mtoto. Ilikwenda kwa makala (makaa ya kupikia) na kwa mashamba, na sina wa kumlaumu, kwa sababu watu walikula kwa makala hayo. Wazee wetu walijua kwamba mto ule una hasira. Walilisema. Lakini soko lilikuwa pale, barabara ilikuwa pale, uwanja ulikuwa wa bei ndogo, tukajenga.

Fundi, uliza swali lako la mahakama na huku kwetu. Nani alijua, na alifanya nini?

#11 FundiPaa_Kadutu

Pole sana, ndugu yangu. Pole kwa wote uliowapoteza. Nimesoma maneno yako mara nyingi kabla ya kujibu.

Umelisema vizuri kuliko mimi. Naongeza tofauti moja tu inayonitesa. Theluji ikishamaliza ubaya wake, mwezi wa nne na wa tano inayeyuka. Sentimita kumi za theluji mbichi ni karibu milimita kumi za maji, na maji hayo yanajaza mito ya Rhône, Rhine, Po, yanazungusha mitambo ya umeme, yanamwagilia mizabibu ya Valais. Shamba lililofunikwa linarudi lilivyokuwa. Udongo wa Kalehe ulioingia ziwani haurudi kwenye shamba la mtu. Kwa hiyo sababu yetu ya kuulinda mteremko ni kubwa kuliko yao.

#12 MamaNyawera

Pole baba wa Kalehe, Mungu awatie nguvu.

Fundi, naomba nirudi kidogo. Dada yangu mdogo ameolewa huko Savoie, Ufaransa, kijiji cha juu. Juzi kasema theluji imefunga barabara na shule, wapo ndani tu. Mama yetu halali. Nimwambie nini?

#13 FundiPaa_Kadutu

Mama, barabara iliyofungwa ni habari njema. Ina maana kuna mtu anayefanya kazi yake. Hata Zermatt, mji wa matajiri, Januari 2018 ulifungiwa, wageni kama 13,000 wakakwama ndani, wachache wakatolewa kwa helikopta na wengine wakangoja njia ifunguliwe. Wenyeji wamezoea: akiba ya chakula ipo, kuni zipo, nyasi za ng'ombe zimekatwa tangu kiangazi. Majirani hupiga hodi kwa wazee kila asubuhi.

Mwulize dada kiwango cha hatari siku hiyo. Kinatangazwa kila siku, 1 hadi 5. Kikiwa 4 au 5, asitoke kwa miguu kwenda upande wa mteremko hata kwa jambo dogo, na walale chumba kilicho mbali na mlima. Wakiambiwa wahame, wahame saa ile ile.

Na jambo ambalo watu wengi hawalifikirii: moshi. Theluji ikiziba bomba la jiko, au bomba la gari lililowashwa, ile hewa ya sumu isiyo na harufu inajaa ndani na watu wanalala wasiamke. Sisi tunaijua, ni ile ile ya mbabula ya makala kwenye chumba kilichofungwa. Wasafishe mabomba kila siku, na dirisha moja liwe linafunguliwa kidogo.

Mwambie mama alale. Mtoto wake yuko mahali ambapo mlima unachungwa.

#14 Funu_Juu

Jambo bote. Sisi benye tunaishi Funu tunajua ardhi yetu inatembea. Kila mwaka ukuta unapasuka, tunaziba, unapasuka tena. Watu wa masomo wamekuja kupima, wakasema kilima chote kinateleza polepole. Hatuna mahali pengine pa kwenda. Yaya Fundi, mvua ikianza usiku, tuangalie nini?

#15 FundiPaa_Kadutu

Ndugu wa Funu, hili ndilo nililotaka tulifikie.

Ufa wa siku zote unaujua. Angalia ufa unaokua kwa saa: piga alama ya kalamu kwenye ncha zake leo, na mvua ikinyesha uangalie tena kwa tochi. Mlango uliofungwa vizuri jioni ukigoma kufunguka usiku, fremu imesogea. Nguzo au mti ulioanza kuinama, maji yanayochipuka mahali ambapo hayakuwahi kutoka, chemchemi iliyokuwa safi ikawa matope, zote ni sababu ya kutoka na watoto. Na kijito kikipungua ghafla huku mvua bado inanyesha, msifurahi: huko juu kimezibwa na udongo, na kitakuja chote kwa pamoja. Ondokeni kwa upande, msikimbie kufuata bonde.

Maji ya paa lako usiyaache yamwagike kwenye mteremko wa jirani. Weka mfereji wa bati uyapeleke kwenye mtaro. Hiyo ni kazi yangu, na kwa mtu wa Funu nitaonyesha namna ya kuipiga bila malipo, aje na manjanja yake tu.

Kisha mchague nyumba moja ya chini, mahali patulivu, ambapo wote wa avenyu mnajua kwamba usiku wa mvua mlango wake uko wazi. Kule Valais ilikuwa shule. Mkishakubaliana ni ipi, andika hapa. Na walio na wazee Kadutu, Panzi, Nyamugo: wakae nao wawaulize maji na udongo vilipita wapi zamani, mwaka gani, vikasimama wapi. Leteni majibu kwenye uzi huu, mtaa kwa mtaa. Mwalimu wa Jeo, nakuomba wewe na wanafunzi wako muyachore.

#16 Mwalimu_wa_Jeo

Nimekubali. Tunaanza na Funu na Nyamugo. Leteni.